Malalamiko Kuhusu Kilima Kilichohamishiwa Sebuleni kwa Dada Yangu

Kwa Mkurugenzi,
Mpango wa Uongozi wa Vijana Nyikani.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUHUSU: OMBI LA KURUDISHIWA KILIMA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi vizuri, na miguu yako yote miwili iko sakafuni. Mimi naiandika mguu wangu wa kulia ukiwa juu ya mito ya kochi, kwa sababu zitakazojitokeza katika lalamiko la sita.

Mimi ni mkufunzi wako wa kambi, na nimetimiza miaka kumi na tisa kazini. Pale ofisini naitwa Bwana Filimbi, ingawa wengi huniita hivyo nikishapita. Miaka yote hiyo nimepandisha vijana kilimani mara mbili kwa mwaka. Nimewafundisha kuwasha moto, kusoma dira, kuvuka mto kwa kamba, na siku ya mwisho kufika kileleni. Walipanda wakiwa watoto wa mama zao, wakashuka wakiwa watu wanaoweza kuamua jambo na kulisimamia. Niliamini kwa dhati kwamba kazi hiyo tuliifanya nusu kwa nusu, mimi na kilima. Siku nikiamka na furaha nilikuwa nakipunguzia kilima fungu lake.

Kisha udongo ukaporomoka ukaziba njia ya kwenda kambini, na wewe ukatoa waraka wa ukurasa mmoja ukisema mafunzo yatafanyika mtandaoni, "maudhui yakibaki yaleyale, mazingira tu ndiyo yakibadilika." Nimeusoma waraka huo mara nyingi. Sasa kwa heshima zote naomba kueleza yaliyonipata mazingira yalipobadilika.

1. Lalamiko la kwanza ni mahali penyewe. Katika chumba changu cha kupanga mtandao hufika mlangoni, ukachungulia, ukarudi zake. Ikanibidi niombe sebule ya dada yangu mkubwa, ambaye ni fundi cherehani na hushona katika chumba cha pili. Alinikubalia kwa masharti matatu: nivue buti mlangoni, nisiguse kabati lake la vyombo, na saa saba kamili nimpishe shemeji aangalie taarifa ya habari. Kilimani, Mheshimiwa, mtoa masharti nilikuwa mimi.

Siku ya kwanza nikasimama mbele ya simu nikiwa na kofia kichwani, filimbi shingoni, shanta mgongoni na soksi miguuni. Nyuma yangu ukutani kulikuwa na kibao cha dada, FUNDI WA NGUO ZA KIKE NA ZA KIUME, na namba yake ya simu kwa tarakimu kubwa kuliko kichwa changu. Nikapuliza filimbi kuwakaribisha vijana kumi na mmoja, kama nilivyozoea. Sikujua kwamba walikuwa wameziba masikio kwa visikilizi. Kumi walitoweka papo hapo. Mmoja aliyebaki akaniuliza kwa adabu kama niko salama.

2. Somo la moto. Niliwaagiza vijana watafute vijiti vikavu na pamba. Saba wakarudi na majibu ya mama zao, ambayo sitayaandika hapa. Nikaamua kuwaonyesha mwenyewe. Nilikuwa nimepiga magoti juu ya zulia, nasugua kijiti huku jasho likinitoka, moshi wa kwanza ukiwa ndiyo kwanza unanyanyuka, dada alipotokea mlangoni na futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Hakupaza sauti. Alisema tu:

"Mdogo wangu, cheche moja ikidondoka kwenye zulia hili utahamia nje. Na nasikia huko nje ndiko unakokupenda."

Nikaweka kijiti chini. Kijana mmoja, yule mwenye miwani, akaandika kitu kwenye daftari lake. Nilipomtaka asome alichoandika, akasoma: "Huu ni mfano wa kwanza wa uongozi niliouona tangu mafunzo yaanze."

3. Kuhusu dira. Kilimani nikisema "Tazameni kaskazini," nyuso zote hugeukia upande mmoja, na ni jambo linalompa mkufunzi faraja. Hapa nilisema maneno yaleyale nikaona kwenye kioo cha simu nyuso zimeelekea kila upande, kama watu walioachwa na basi. Niliwagombeza kwa dakika kumi. Niliwaambia kiongozi asiyejua kaskazini ni nahodha wa beseni. Waliniacha nikamaliza, kisha binti wa fundi mwashi akainua mkono. Akaeleza taratibu kwamba kila mmoja ameegesha simu yake kivyake, kwa hiyo kwenye picha lazima waonekane wametawanyika, lakini yeye ameshawauliza wenzake jua liko dirisha gani na wote wako sawa. Akasema labda mwalimu aangalie dira yake ameiweka juu ya nini.

Nilikuwa nimeiweka juu ya cherehani ya zamani ya dada, ile ya chuma kitupu. Kwa dakika ishirini nilikuwa nimeuheshimu mlango wa choo.

4. Kama unavyojua, siku ya tatu mkufunzi hatakiwi kusema neno. Vijana hupewa tatizo, naye hukaa pembeni akawaacha wahangaike. Mimi siku hiyo sijawahi kuiweza. Huwa natoka nyuma ya jiwe baada ya robo saa, kwa sababu naona wanachelewa. Safari hii niliwapa kazi ya kupanga jinsi ya kumtoa mtu aliyeumia mahali pasipofikika. Walipoanza kuibishania vibaya nikaingilia. Niliwaelekeza. Nikawakemea. Nikapiga meza. Nilisema bila kupumzika kwa dakika arobaini, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona vijana hawashtuki ninapofoka. Walibishana, wakapatana, wakagawana kazi, wakamaliza. Mwishoni yule mwenye miwani akanishukuru kwa niaba ya wenzake kwa imani kubwa niliyowaonyesha, maana hawajawahi kupata mtu mzima aliyenyamaza kwa muda mrefu hivyo.

Kipaza sauti changu kilikuwa kimezimika tangu nilipomaliza kuwapa kazi. Shemeji alikuwa ameketi kwenye kochi akisubiri habari zake, na yeye alinisikia vizuri sana. Aliniambia nina hoja nzito ila nijaribu kuwa mfupi.

5. Sasa nafika kwa mshiriki niliyempa sifuri. Kati ya wale kumi na mmoja, kumi niliwaona sura. Wa kumi na moja alikuwa mraba mweusi tu. Mahali pa jina hakuandika jina, aliweka nukta moja. Wenzake wakamwita Nukta, nami nikafuata. Nilijua ni msichana kwa sababu siku ya kwanza aliitikia "nipo" kwa sauti ndogo. Baada ya hapo ikawa kimya. Niliwaambia wote kwamba kiongozi hajifichi. Nilimtaka awashe kamera mara tatu mbele ya wenzake, na mara ya tatu nilisema, najuta kuandika, kwamba huenda bado yuko kitandani. Hakujibu. Kwenye fomu yako, safu ya Ujasiri, nikamwekea sifuri, na nikaikoleza kwa kalamu mara mbili.

6. Somo la kuvuka mto. Hapa naomba nilalamike polepole.

Dada alikuwa ametoka kwenda dukani kununua vifungo na nyuzi, shemeji kamsindikiza kubeba. Niliona ndiyo nafasi. Nilichukua jora la kitambaa cha buluu cha sare za shule nikalitandaza sakafuni, likawa mto. Nikaweka simu chini ukutani ili vijana waone miguu inavyopaswa kutembea. Nikavaa buti, maana mto hauvukwi na soksi. Nikafunga kamba kwenye nondo za dirisha. Upande wa pili palihitaji kitu kizito, na kizito kilichokuwepo kilikuwa kabati la vyombo.

Nilipanda kigoda, nikashika kamba, nikawaambia vijana kwamba siri yote ni kuiamini kamba. Kamba ilistahili kuaminiwa. Kabati ndilo lililonifuata.

Sitaeleza vyombo. Dada ameviorodhesha mwenyewe, na orodha imebandikwa mbele yangu ninapoandika. Niliangukia mgongo, mguu wa kulia ukapinda chini yangu, na kabati likaja likaegemea kochi, likanifunika kama mfuniko wa sanduku. Sikuumia kifua wala kichwa, ila sikuweza kutoka. Simu ilikuwa mbali, inaona buti zangu tu. Nikasikia vijana kumi wakipiga kelele kwa pamoja, kila mmoja akinishauri jambo lake: vuta, sukuma, simama, usilale. Mimi, mkufunzi wa huduma ya kwanza kwa miaka kumi na tisa, nikaanza kujikakamua niinuke, kitu ambacho nimewakataza watu wote niliowahi kuwafundisha.

Ndipo nikasikia ile sauti ndogo.

"Nyamazeni wote. Mwalimu, usiinuke. Kama unanisikia, tikisa buti la kushoto."

Nikatikisa.

"Sasa tikisa la kulia. Taratibu. Kama linauma sana, liache."

Lilitikisika, liliuma, nikaliacha. Akasema vizuri, maana yake mgongo unapeleka habari. Baada ya hapo akaanza kugawa kazi. Binti wa mwashi aandike namba ya simu ya fundi nguo, ambayo Nukta aliishika kichwani tangu alipoiona ukutani siku ya kwanza, na ampigie. Mwenye miwani aangalie saa na kila dakika mbili anitake nitikise buti. Wengine wazime vipaza sauti. Walivizima. Mheshimiwa, mimi niliomba kitu hicho kwa wiki mbili.

Dada alisema yuko njiani pamoja na shemeji na seremala wa jirani. Kusubiri kulichukua kama dakika ishirini. Nukta akaniomba nianze kuongea, chochote, ili wajue sijazimia. Akaniambia nieleze kileleni kunaonekana nini, kwa sababu mimi nimefika na wao hawajafika.

Nilijaribu kukumbuka mabonde, mashamba, mto kule chini. Haikuja picha hata moja. Nikagundua, nimelala chini ya kabati, kwamba mara zote thelathini na nane nilizofika kileleni nilikuwa nahesabu vijana. Nikawaambia ukweli. Nikasema ninachokiona nikiwa kule ni migongo yao, imesimama mstari mmoja, na huwa naihesabu mara mbili, na hesabu ikitimia ndipo napumua.

Kisha Nukta akasema, "Leo tuko kumi na mmoja, mwalimu. Wote tupo."

Seremala akainua kabati. Dada akaingia, akaniangalia mimi, akaangalia vyombo vyake, akaangalia buti zangu juu ya kitambaa cha watu. Akapiga magoti akanifuta uso kwa kanga yake na hakusema kitu mpaka jioni. Jioni alisema.

7. Lalamiko hili, kwamba sikuarifiwa hali ya mshiriki wangu, nalipeleka kwa ofisi yako, kisha naliondoa, kwa sababu mkosaji nimempata. Niliporudi kutoka hospitali na mguu uliofungwa plasta, nilikuwa na muda mwingi na mahali pamoja tu pa kukaa. Nikamwomba mpwa wangu anionyeshe namna ya kufungua barua pepe, jambo ambalo kila mwaka huwa naahidi nitajifunza. Kulikuwa na barua kutoka kwa Nukta. Tarehe yake ilikuwa siku tatu kabla ya mafunzo kuanza.

Alikuwa ameandika kwamba aligongwa na gari akiwa anatoka shule, akaumia uti wa mgongo, na huu ni mwezi wa kumi na nne amelala chali. Anatumia simu kwa mkono mmoja, iliyofungwa juu ya kitanda, na akiwasha kamera ataonekana kwa namna ambayo asingependa watu waanze kumjua nayo. Aliomba radhi mapema kama atakuwa mzito wa kujibu. Alimalizia hivi: "Siku zote nilitaka kuja kilimani kwenu. Sasa kwa kuwa kilima kinakuja huku, naomba nisihesabiwe mtoro."

Nilimwambia huenda bado yuko kitandani. Nilimwambia mbele ya wenzake kumi.

Siku iliyofuata nilimwomba radhi mbele ya haohao kumi, kipaza sauti kikiwa kimewashwa, nilihakikisha. Nilieleza kosa lote bila kulipunguza. Aliniambia haikumuuma sana, kwa sababu ilikuwa kweli. Kisha akacheka, na wenzake waliposikia anacheka nao wakacheka, na mimi nikashika kofia yangu mikononi kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa.

8. Lalamiko la mwisho ni kupokwa kilele. Siku ya mwisho sikuwa na mpango wowote. Nukta ndiye aliyetoa wazo, wakalipigia kura, mimi nikaarifiwa. Kila mmoja apande mahali pa juu kabisa anapoweza kufika nyumbani kwao bila kuhatarisha maisha, hapa waliniangalia, kisha aeleze anachokiona.

Binti wa mwashi alipanda kwenye ngazi za jengo ambalo baba yake anajenga, akaona kwamba mtaa wao una umbo la kiatu. Mwenye miwani alisimama juu ya kitanda na kuona vumbi juu ya kabati, na ndani ya vumbi daftari la marehemu babu yake ambalo familia ililitafuta mwaka mzima. Mimi nilisimama kwa mguu mmoja nimeshikwa na shemeji, nikaona upara wa shemeji. Zamu ya Nukta ikafika. Akasema amemwomba mama yake amwongezee mto wa pili chini ya kichwa, na daktari amekubali kwa dakika kumi. Alikuwa ameinuka kama upana wa kiganja. Akatueleza dirisha lake. Alikuwa anasikia mtaa huo tangu alipotolewa wodini na familia yake ikahamia hapo, na hakuwa ameuona hata siku moja. Akatuambia mama muuza ndizi si mnene kama sauti yake. Akatuambia ile milio ya kila asubuhi, aliyodhani ni ndege, ni baiskeli ya mtu wa maziwa. Akataja rangi za nguo zilizoanikwa ng'ambo, moja moja, bila haraka, na hakuna aliyemkatiza.

Dakika zake zilipokaribia kwisha akawasha kamera. Kwanza tuliona dari. Kisha mkono wa mama yake ukaigeuza simu, na tukamwona.

Niliwahesabu. Walitimia. Nililia, Mheshimiwa, nikiwa nimeshikwa kwapani na shemeji ambaye taarifa yake ya habari ilikuwa imeshapita na hakuiulizia.

Sasa hoja yangu. Ikiwa uongozi unaweza kufundishwa bila kilima, bila moto, bila mto, na zaidi ya yote bila mimi kusema, basi miaka kumi na tisa nimekuwa napandisha mahema kwa sababu gani? Mtu wa umri wangu hawezi kuishi na swali kama hilo, tena akiwa ameketi. Kwa hiyo naomba yafuatayo: kwanza, mafunzo ya mtandaoni yafutwe mara moja, pili, vijana wote wapande kilima, kila mtu kwa miguu yake, kama zamani, tatu, itolewe amri kwamba mshiriki asiongoze kabla mkufunzi hajamaliza kuongoza, na nne, kilima kiandikiwe barua rasmi ya kuombwa radhi, nami niwekwe kwenye nakala.

Naambatanisha fomu za tathmini. Utaona safu ya Ujasiri ya mshiriki mmoja imefutwa mpaka karatasi ikatoboka. Sikujua niandike namba gani, nimeacha tundu.

Msalimie katibu wako, dereva, mama wa chai, na mlinzi wa getini ambaye kila mwaka hunishikia shanta. Dada anakusalimu, anasema suala la vyombo atakuja kulizungumza mwenyewe. Shemeji anakusalimu bila masharti.

Ni mimi mtumishi wako mtiifu, ambaye kwa sasa siwezi kusimama wima kukuaga,

Mkufunzi wa Kambi.

Tanbihi: Nilipokuwa natafuta bahasha, katibu wako alinipigia simu. Ameniambia bodi imekaa jana na kuamua hivyohivyo ninavyotaka: tunarudi kilimani mwezi ujao, na mafunzo ya mtandaoni yanafungwa moja kwa moja. Mheshimiwa, nakusihi, ombi lililomo katika barua hii likataliwe. Likataliwe lote, kwa ukali, na kwa maandishi ikiwezekana. Vijana tisa wameshajiandikisha kwa awamu ijayo, na kati yao watano hawataweza kupanda popote: mmoja anamlea bibi yake asiyeona, mmoja haruhusiwi kuacha duka la familia, na watatu wako katika wodi alikokuwa Nukta, na yeye ndiye aliyewaandikisha. Nimeshawaambia tunaanza mtandaoni Jumatatu saa tatu asubuhi. Nimewaahidi kwa jina lako, maana kwa langu wangetaka kwanza kumuuliza dada.